Kidevu cha Aline

Maman,

Simu zangu hupokei, basi naandika. Dada Furaha atakusomea. Dada, nakuomba usiruke mstari hata ukiona ni mkali.

Huu ni mwezi wa saba tangu uvuke daraja la Rusizi kurudi kwa Dada, Bukavu, na hasira yangu haijaisha. Uliondoka kwetu Kamembe bila kuaga mtu ila mtoto. Nilirudi kutoka gereji nikakuta kitanda chako kimetandikwa na Aline analia.

Unakumbuka siku ulipomtambua? Alikuwa na miaka mitatu, anakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mlangoni. Ukaweka sufuria chini, ukamshika kidevu, ukaniita: "Kuya uone. Papa yako ni huyu." Utoto wangu wote nilikuuliza Papa alikuwa na sura gani. Alikufa nikiwa bado mgongoni mwako na Dada akiwa mdogo asiyeweza kukumbuka, na picha zote zilibaki nyumbani tulipokimbia. Ulikuwa unajibu tu, "Alikuwa muntu muzuri." Siku ile ndipo uliponionyesha: kidevu kinachokwenda kushoto akifunga mdomo. Tangu hapo, kila ukimsuka, lazima ukishike.

Basi miaka mitano baadaye, daktari wa meno aliposema kaakaa la Aline ni jembamba, kwamba meno ya juu yanaangukia ndani ya yale ya chini na taya linakimbilia upande ili aweze kutafuna, mimi nilisikia ugonjwa. Wewe ulisikia mumeo anatajwa.

"Unataka kunifutia bwana yangu mara ya pili?"

Nikakujibu, "Maman, mtoto si picha ya ukutani." Najutia sauti niliyotumia. Maneno siyajutii.

Tukaenda Kigali, akawekewa kile chuma cha kupanua kaakaa, chenye skrubu katikati, kimegandishwa kwenye magego ya juu. Kila jioni nilimlaza kwenye kochi, akafungua mdomo, nikazungusha skrubu kwa kile kifunguo chembamba. Mikono hii inayofungua injini za pikipiki ilijifunza kwenda polepole. Wewe ulisimama karibu ukisali kwa sauti, ili nisikie.

Wiki ya pili meno yake ya mbele yakaachana, pengo likatokea. Nilikuwa nimekwambia litakuja na litajifunga lenyewe. Ukaniita muongo. "Banapasula kichwa ya mutoto!" Kesho yake ukaenda. Ungevumilia miezi michache tu, Maman! Meno yalirudi kukaribiana, moja likilifuata jingine, na wewe hukuwepo kuona.

Usidhani mimi sikuogopa. Jirani alinionyesha kwenye simu yake watoto wanaosemekana kutoka na sura mpya kabisa. Nikamuuliza daktari. "Sura haibadiliki hivyo," alisema. "Kaakaa litapanuka. Kidevu kinaweza kurudi katikati, maana taya halitahitaji tena kukwepa. Macho na paji la uso ni yaleyale."

Juzi wamekitoa kile chuma. Aline anatafuna pande zote mbili, na anacheka bila kuziba mdomo. Na kidevu kimenyooka. Hapo ulikuwa na haki, na kukubali hivyo kunaniudhi.

Asubuhi nzima nilifurahi. Mchana nikamsimamisha penye mwanga, nikamtazama paji, macho, masikio. Akaniuliza, "Papa, unatafuta nini?" Nilikuwa namtafuta baba yangu, mtu nisiyemjua. Nikawaza pia kwamba labda kidevu kile kilimtesa yeye mwenyewe, na hakupata mtu wa kumtazama mdomoni. Si ulisema siku ile mlangoni kwamba alikuwa anakula upande mmoja tu?

Hiki ndicho kinachonichoma. Kunitukana mbele ya mke wangu nimeshasahau. Lakini katika dunia hii nzima amebaki mtu mmoja anayeujua uso wa Papa, na mtu huyo amenuna ng'ambo ya mto, hataki kumtazama mjukuu wake.

Jumamosi asubuhi nitasimama na Aline hapo darajani. Usiponisalimia, sawa, sitasema neno. Mtazame tu mtoto, muda wote utakaotaka, kisha uniambie kama Papa bado yumo.

Kama hayumo, niambie hivyo hivyo. Mimi peke yangu siwezi kujua.

Mwanao wa mwisho,
Papa Aline