Magari Yaliyofunikwa Turubai

Uingereza,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na kwa wasiwasi pia, maana sitaki kukudanganya kwamba naandika nikiwa na moyo mtulivu. Goti linaendeleaje? Bado unabeba gunia mwenyewe kutoka kwa lori hadi kwa meza yako sokoni, ama umemsikiza daktari? Huku baridi imeanza kuuma. Navaa soksi mbili mbili na ile kofia ya sufu ya marehemu Baba, na bado vidole vinakufa ganzi nikishika usukani asubuhi. Lakini mwili uko salama, nakula vizuri, na kanisani sasa wananijua kwa jina.

Utashangaa kuona karatasi na sisi tuna simu. Kila nikikupigia ni Simiyu anayeishika, anaiweka spika, na kabla hujamaliza kunijulia hali ameshaingilia. Mwezi uliopita nilikuuliza wewe habari ya ploti ya Lanet, nikajibiwa na kaka yangu. Kwa hivyo barua hii nitampa Mama Wairimu, mwenzangu wa kanisa, anayesafiri Jumatano kuja kumwona ndugu yake anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Kamere, Naivasha. Nimemwomba apite kwako Section 58, Nakuru, kwanza, akupe mkononi, na asimwachie mtu mwingine yeyote hata akijitambulisha kwamba ni kifungua mimba wako. Isome ukiwa peke yako.

Najua Simiyu amekuambia nini, kwa kuwa aliniambia mimi kwanza. Alinipigia akiwa na furaha kama siku ile alipopita mtihani wa darasa la nane.

"Sista, hizo gari hazikai," alisema. "Zile sedan za mbio, za wakubwa. Zilikuja mbili hapa yadi ya Lanet, moja nyeusi, moja grey. Ziliingia Ijumaa, Jumapili hakuna. Manager mmoja wa maua alitoka Naivasha mbio kukuja kununua, akapata zimeenda. Karibu alie, nakuambia. Watu wanazitaka vibaya sana."

"Wanaozitaka ni wangapi?" nikamuuliza.

"Si nimekuambia ziliisha?"

"Ziliisha kwa sababu zilikuwa mbili, Simiyu."

Alicheka. Akasema mimi nimeenda Ulaya nikarudi mshamba. Kisha ndipo akanieleza ule mpango: kwamba mwenye yadi yuko tayari kuchukua ploti yetu ya Lanet na kumpa yeye sedan tatu za aina hiyo badala yake. Ataziuza kwa wiki moja, atanunua ploti kubwa zaidi, na nyumba yako atakumalizia na kigae juu. Mama, mimi sina shule nyingi, lakini kuna swali limenikaa kooni tangu siku hiyo. Kama magari hayo yanagombaniwa hivyo, mwenye nayo anataka nini na ploti ya mjane? Si angeyauza tu?

Sasa nikuambie kazi yangu, maana sijawahi kukuambia sawasawa. Nyumbani mnajua niko kwenye magari. Wengine kanisani walidhani nina langu, na mimi sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba yanapoletwa hapa yadi mimi ndiye ninayeyashusha kwenye lori, nayaosha, napiga viti brashi, nayapanga uwanjani. Zile picha zote nilizokutumia nikiwa nimeegemea gari, nilikuwa nimetoka kulisugua matairi. Ni mchezo wetu sisi tulio huku. Kila mmoja ana gari lake la kuegemea, na hakuna hata mmoja mwenye ufunguo wake nyumbani. Naona aibu kuandika hivi lakini afadhali uijue.

Na aibu kubwa zaidi ni video. Mwezi wa nane niliwatumia video ya uwanja wetu ukiwa mtupu, mimi nikizunguka na simu na kusema kwa madaha, "Zimeenda zote! Wazungu wamenunua zote, hamna hata moja!" Nyuma yangu lilionekana geti na jina la yadi. Mama, asubuhi ile ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaendesha magari yale, moja baada ya jingine, hadi ghala la nyuma. Hayakuwa yamenunuliwa. Bosi alitaka uwanja uonekane mtupu kwa sababu kulikuwa na wateja wanakuja, na mteja akikuta uwanja mtupu hulipa la kwanza analoonyeshwa bila kuuliza sana. Mimi nilitaka tu mjue kwamba mahali ninapofanya kazi ni mahali pa maana.

Simiyu aliipeleka video ile kwa yule mwenye yadi wa Lanet. Huyo naye akasoma jina kwenye geti, akawatafuta wakubwa zangu, na sasa wanafanya biashara. Hata anaonyesha wateja wake sauti yangu. Simiyu aliniambia kama habari njema: "Video yako imefanya kazi, sista."

Ghala lenyewe halina dirisha. Ndani yake yamepangwa magari ya mbio mistari kwa mistari, kila moja limefunikwa turubai la kijivu hadi chini. Kila Jumanne kazi yangu ni kufunua moja, kuliwasha, kuliacha lingurume ili betri isife, kulisogeza kidogo ili matairi yasilemee upande mmoja, halafu kulizima na kulifunika tena. Naenda kwa linalofuata. Mengine usukani umeota ukungu, naufuta na kitambaa. Yakinguruma mle ndani kifua kinatetemeka, na moshi unakaa tu hauna pa kwenda. Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Siku hizi nikishika lile turubai nahisi kama nafunua maiti nione kama bado anapumua.

Kuna mzee mmoja Mghana ninayefanya naye kazi, tunamwita Papa. Amekaa hapa kuliko sisi wote. Nilimuuliza: haya magari yanaisha kwa sababu watu wanayapenda, ama yanaisha kwa sababu yanatolewa machache? Alifikiri kwanza, hakunijibu ovyo. Akasema kuna wakati ilikuwa kweli. Viwanda vilitengeneza machache, watu wakapanga foleni kwelikweli, na gari lililotumika likauzwa kama jipya. "Lakini wakati ule ulipita," akasema, "na wenye mali hawakutaka upite. Wakanunua wenyewe, wakaficha, wakaendelea kutoa matatu matatu. Wewe unahesabu yanayotoka getini. Hesabu yaliyobaki humu."

Nilikumbuka viazi, Mama. Unakumbuka mwaka ule broka alipowaambia kwamba kutoka Molo limefika lori moja tu, barabara imekatika? Mlisukumana hadi Mama Chebet akapoteza kiatu, kila mmoja akanunua kwa bei ya kuua. Kesho yake ulipita nyuma ya stendi ukakuta malori matatu yamejaa, yamefunikwa, madereva wanacheza karata. Ulirudi nyumbani ukakaa kitini bila kutoa leso. Wateja wako hawakuwa wanataka viazi zaidi ya siku zote. Walichoonyeshwa ni uchache. Na viazi angalau mlivikula.

Jambo la mwisho la leo. Papa ameniambia sababu ya haraka yao. Kenya haikubali gari lililozidi miaka minane, na mengi ya mle ghalani Mwaka Mpya yatakuwa yamepita. Hapa hayanunuliwi, Kenya yatakataliwa, kwa hivyo yanatafutiwa mtu sasa hivi. Ndiyo maana Simiyu anakuambia nafasi inafungwa. Inafungwa kweli, lakini si kwa vile wanunuzi ni wengi.

Mama, nakusihi, usiweke sahihi. Ile ploti Baba aliinunua na jasho la miaka yake yote kiwandani, na title, ile hati ya ardhi, iko kwa jina lako peke yako. Ukikataa, hakuna mtu anaweza kufanya lolote. Najua Simiyu atalia, na najua huwezi kuvumilia machozi yake. Mwache alie.

Jumanne, saa ya chakula

Mama, niliacha kuandika juzi nikidhani nimemaliza. Leo nimeingia ghalani kama kawaida. Mstari wa mwisho, ukutani kabisa, kuna matatu ambayo nimekuwa nikiyawasha tangu nifike hapa, baridi ya pili sasa. Hayajawahi kutolewa uwanjani hata siku moja. Moja gia yake inagoma, jingine linavuja mafuta, tumeliwekea karai chini. Hayo ndiyo yale ambayo hata Papa huyapita bila kuyaangalia.

Nilipofunua la kwanza nikakuta karatasi imebandikwa ndani ya kioo cha mbele. Huwa wanabandika gari likishapata mwenyewe na safari. Nikaona Mombasa. Nikaona Nakuru. Halafu nikaona majina yako, Mama, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Nikafunua la pili. Ni wewe. La tatu pia ni wewe.

Nilikaa chini kwenye simiti. Papa alikuja akaniuliza kama ni moshi umenizidi, nikamwambia ndiyo. Nimekupigia simu mara sita tangu hapo. Mara moja tu imepokelewa, na si wewe.

"Mathe amelala, sista," Simiyu akasema. "Mwache apumzike."

Huko ilikuwa saa kumi jioni. Wewe tangu nikujue hujawahi kulala mchana, hata ulipokuwa na malaria. Nikamuuliza kama ulitia sahihi karatasi yoyote. Akasema, "Tutaongea," akakata. Simu ya shangazi Senge nayo haiingii tangu jana. Naogopa, Mama. Sijui kama ulitia sahihi kwa kumwonea huruma, ama uliletewa ukaambiwa ni ya kitu kingine, ama hukuletewa kabisa.

Kwa hivyo usimalize hata kumkaribisha Mama Wairimu chai. Mwache sebuleni, ingia chumbani, fungua sanduku, uangalie kama title iko. Kama iko, mpe aondoke nayo Kamere siku hiyo hiyo, ni mtu wa kuaminika. Kama haiko, usimuulize Simiyu kitu. Mchukue Senge, nendeni ofisi ya ardhi mkaweke zuio, mseme jina lako limetumiwa. Vyovyote itakavyokuwa, nipigie kwa simu ya Mama Wairimu.

Nisalimie Senge, mdogo wa Baba, umwambie awashe simu yake. Nisalimie mjomba wa kule reli, na mke wa Simiyu, maskini, ambaye nadhani hajaambiwa lolote, na watoto wao wawili. Mwalimu wa kwaya mwambie naikumbuka sauti yake kila Jumapili. Na Simiyu mwenyewe, sijui nimtumie salamu gani. Nampenda. Mwambie hivyo, lakini baada ya kuangalia sanduku.

Nimeona sasa hivi ratiba ya wiki ijayo ukutani. Lori la bandarini linakuja Jumatatu saa mbili asubuhi kuchukua yale matatu, na anayetakiwa kuyatoa ghalani na kuyapandisha juu ya lori ameandikwa Nafula. Papa anasema nikikataa watampa mwingine, na mimi nitafute kazi. Nitangoja simu yako hadi Jumapili usiku. Nisipoisikia, Mama, nitajua ni mimi nitakayeiendesha ploti ya Baba kuipandisha lorini.

Ni mimi mwanao,
Nafula