Fulana ya Chama na Vipimo vya Maji

Sia, nimetolewa kwenye grupu la ukoo. Mimi! Na aliyenitoa ni baba mdogo Ephraimu.

Ni kuhusu kile kioski cha maji yaliyochujwa hapa kijijini kwetu, Maji ya Chai. Leo asubuhi kuna mtu katuma sauti, eti ule mchujo unaharibu vizazi vya wanawake, turudi mtoni. Nikaandika kwamba mimi ndiye ninayeyapima yale maji maabara kila wiki, ni salama, na ya mtoni ndiyo yenye madini ya floraidi yanayopinda watoto miguu. Nikaweka na vipimo.

Unajua baba mdogo alijibu nini? Picha yangu ya kampeni, nimevaa fulana ya chama! "Hicho kioski kimeletwa na chama chao. Mlitegemea aseme nini?"

Hakuna hata mmoja aliyefungua vipimo, Sia. Hata mmoja!

Nikampigia binamu yangu Eliya. Yeye kisiasa ni wa upande wa baba mdogo, na ni mwalimu wa kemia. Nikamwomba aandike yaleyale niliyoandika mimi. Akasema, "Dada, najua unasema kweli. Lakini nikiandika nitaonekana msaliti."

Yaani anajua! Anajua na amekaa kimya!

Nimetoka kwa mama sasa hivi. Ameshamwaga ndoo ya maji ya kioski. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyepima."

Akasema, "Nakupenda mwanangu, ila hizo ni siasa." Halafu akamchotea mjukuu wake maji ya mtoni, na mtoto akanywa kikombe chote mbele yangu.