Mchicha wa Njano Jangwani

Jumanne, 5 Februari 1974

Sihami tena. Barua ya kuomba nihamie mchepuo wa historia nimeichana mwenyewe, baada ya kukaa nayo mkobani siku tatu.

Nilidhani biolojia ya kidato cha tano, hasa sehemu ya mazingira, ni kukariri majina magumu kwa Kiingereza. Wiki nzima sikufungua mdomo darasani. Wenzangu waliotoka shule za bweni wanakisoma kitabu kama wanaongea.

Leo mwalimu katutoa nje, tukatembea hadi bonde la Jangwani. Akatuonyesha matuta ya mchicha. "Kwa nini wa chini umegeuka njano na wa juu umestawi?"

Wenzangu wakataja wadudu, wakataja mbolea. Mimi nilijificha nyuma, maana matuta yale ni ya baba na sikutaka wajue. Mwishowe nikasema, kwa Kiswahili, kwamba maji ya bamvua yakijaa, chumvi ya bahari hupenya mpaka pale chini.

"Nani kakufundisha?" mwalimu akauliza.

"Baba. Bustani ni yake."

Hakuna aliyecheka. "Somo lenyewe ndilo hilo," mwalimu akasema. "Kuangalia, halafu kuuliza kwa nini. Mwombe baba aje Alhamisi atufundishe."

Mtihani wa kuandika kwa Kiingereza bado nauogopa. Lakini leo...

Nilimwambia baba tukiwa tunakula. Akaacha kula. "Nitasema nini mbele ya wasomi, mwanangu? Kiingereza sikijui."

"Utasema Kiswahili, baba."

Akanawa mikono, akaenda kumwuliza mama kanzu yake nyeupe iko wapi.