Mkwe Kutoka Nchi ya Mfalme

Bigwa, Morogoro
Juni 1986

Mpenzi shoga yangu Josephina,

Pokea salamu tele kama karanga za huko kwenu Gairo. Goti limepona? Na mwanao Ignas hajambo? Sisi wazima, tena mwenzio nimenenepa kwa furaha. Mwanangu Fidelis amerudi! Yule yule mwalimu wa hesabu aliyekwenda kufundisha Lesotho kwa mfalme. Nani mwingine hapa Bigwa amezaa hivyo? Nionyeshe!

Lakini shoga, karudi mbio. Huko wapiganaji wa msituni wamelipua mabomu miaka mingi, kisha Januari wanajeshi wakaipindua serikali. Fidelis anasema mfalme yupo, ila watu wanaogopana. Mkewe, Palesa, ni yatima. Kaka yake wa pekee aliingia kwa hao wapiganaji, hajulikani aliko. Basi wamekuja na kitoto chao cha kike, kimefanana na mimi kabisa.

Palesa ana adabu mno. Kafundishwa shikamoo, sasa anawaamkia hata watoto wa jirani! Nimemnunulia gauni la mtumba, siku hizi sokoni yamejaa.

Baada ya misa nikajitapa kwa kina mama kwamba nampa mkwe wangu ukoo wetu. Veronika akacheka mpaka akashika mbavu, akasema hongera mama, mwanao kaoa dada yake! Nikakosa pa kuficha uso. Furaha ilinisahaulisha.

Nyumbani Palesa akataka aelezwe wanacheka nini. Fidelis akamwambia sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo yeye ni wa ukoo wangu, na mtoto hupewa shamba na wajomba. Palesa akamtazama mwanawe, akauliza, basi huyu ni wa nani?

Sasa nikuambie nilichofanya. Jumapili iliyofuata nikasimama pale pale nikatangaza kwamba Palesa ni binti yako wewe, wa ukoo wenu, na Ignas ndiye mjomba wa mtoto. Sikukuuliza, shoga. Lakini ulishanililia kwamba umezaa wanaume watupu, huna binti wa kuendeleza ukoo, nyumba yenu itafungwa mlango. Kitoto hiki nilikitaka kiwe changu, Mungu anajua. Kichukue wewe. Ukikataa mimi nitachekwa tu, ila wao watabaki wageni mpaka kaburini.

Padre amekubali kungoja. Njoo mtoto abatizwe kwa jina la marehemu mama yako.

Mwambie Ignas amepata mpwa. Palesa anasema anakusubiri, mama.

Akupendaye daima,
Mama Fidelis