Dripu Dirishani

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika kila nikipanda ngazi. Ulinikataza kupiga simu. Barua hukuikataza, kwa hiyo naandika.

Ule mmea wako wa majani manene hali yake si nzuri. Ulipoondoka niliuona umesinyaa, nikajua mgonjwa huyu hana maji mwilini. Miaka thelathini na moja ya unesi, sifundishwi. Nimeufungia dripu: chupa juu ya dirisha, mpira hadi kwenye chungu, tone moja moja mchana kutwa. Jalada lake la matibabu nimelitundika kwenye pazia. Ajabu ni kwamba majani yanazidi kulainika na kuwa manjano. Niongeze maji?

Unakula? Unalala? Nije japo wiki moja? Nguo nimeshapanga.

Mama yako

11 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi mzima, na kazi ya duka la miwani naizoea.

Mama, toa dripu! Nimecheka mpaka wateja wakanigeukia. Mmea ule huweka maji yake kwenye majani, unaweza kukaa wiki tatu bila tone. Sasa mizizi imeoza. Ung'oe, kata palipooza pote, kipande kilichobaki kiache kivulini siku tano mpaka kidonda kikauke. Kisha ukipande kwenye mchanga na kokoto, chungu kiwe na tundu chini. Kiweke penye mwanga, uondoke.

Na usije, Mama, nakuomba. Nilipoachika ulinipima joto kila asubuhi kana kwamba talaka ni malaria. Ulilia kabla yangu, ukanikumbatia kabla sijaanguka. Nikawa sijui huzuni ipi ni yangu na ipi ni yako. Ndiyo maana nilihama. Nakupenda, lakini niache kidogo. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Nimekusikia. Sitakuficha, nimelia. Halafu nimechukua kisu nikakata mmea, kimebaki kipande cha urefu wa kidole. Nguo nimezirudisha kabatini.

Basi, nanyamaza.

Mama

2 Juni

Mama,

Shikamoo. U mzima? Magoti je?

Miezi miwili na nusu, kimya kabisa. Sikudhani utaweza, nisamehe. Mwezi wa kwanza nilipumua. Wa pili nikaanza kumuuliza mtu wa posta kama ana uhakika hana kitu changu. Jana mchana, nikiwa napanga fremu, machozi yalinitoka, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza nina nini. Nimelia mpaka yakaisha yenyewe. Nilipomaliza nikasikia njaa, Mama, njaa ya kweli, ya kwanza tangu mwaka jana.

Mmea ulikufa? Kama ulikufa niambie tu, sitakasirika.

Nina likizo ya siku nne. Nataka kuja Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Usije kunipokea kituoni. Nataka nifike kwa miguu yangu.

Mwanao

7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na magoti yako palepale.

Haukufa. Kile kipande kilikaa wiki kumi bila kufanya lolote, nami nikawa napita dirishani mikono nimeifunga nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Mara tatu nilibeba kikombe cha maji mpaka pale, mara tatu nikayanywa mwenyewe. Wiki iliyopita kimetoa vichipukizi viwili, vidogo kama punje za mahindi. Sikuvigusa. Mwanangu, hakuna zamu iliyowahi kunichosha kama hii ya kutofanya kitu.

Barua nimekuandikia kumi na moja. Ziko kwenye droo, ukitaka utasoma, usipotaka basi.

Kituoni siji. Dirishani pia sitachungulia, nitajitahidi. Nitakuwa jikoni. Mlango nitaurudishia tu, usukume.

Mama yako