Sauti Siuzi kwa Saa

Jumatatu, 3 Machi

Benki moja kubwa wamenipigia. Wanataka sauti ya kuwaongoza wateja kwenye simu — bonyeza moja, bonyeza mbili, tafadhali subiri. Meneja wao wa mawasiliano akauliza natoza kiasi gani kwa saa. Nikamwambia sitozi kwa saa. Akacheka kwa adabu. Eti kazi yenyewe ni dakika ishirini, dada yangu, kusoma tu.

Kusoma tu! Miaka yote hii najifungia kwenye kabati la nguo kurekodi, blanketi kichwani kuzuia mwangwi, jasho linanitoka, narudia "tafadhali subiri" mpaka isikike kama simfukuzi mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetuma bei. Ya matumizi ya sauti yangu, si ya saa. Mwaka mmoja, kwenye simu tu. Wakitaka kuendelea, tukae tena mezani.

Mume wangu alisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama nina uhakika, maana shule zinakaribia kufunguliwa na ada ndiyo hiyo. Nikamwambia wakinilipa saa moja leo, nitahudumia wateja wao miaka kumi bure, hata nikiwa nimelala, hata nikiwa na mafua. Akawaza. Basi usishuke, akasema, akaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 6 Machi

Wamejibu. Robo ya bei yangu, na sauti iwe mali yao milele. Milele — hata mume wangu sikumwandikia hivyo. Halafu wakanipaka mafuta: utajulikana sana. Na nani? Mtu aliyesubirishwa kwenye simu mpaka sikio likapata moto? Atanijua, ndiyo. Atanitukana.

Nimekataa. Sentensi mbili, na asante mwishoni. Nimelala mchana kama mtu aliyebeba magunia.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi hii, na sauti zetu ni moja. Mama mwenyewe hutuchanganya kwenye simu. Kumbe benki wamemtafuta. Robo ile ile, milele ile ile. Wamemwambia dada yako anajisikia.

Ulimi ulikuwa tayari kusema usithubutu. Nikaumeza. Nikamweleza tu bei yangu na nilivyoifikia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: Dada, wewe una wateja wa kukataa. Mimi nina mtoto wa miezi mitano na mwenye nyumba.

Hakuniahidi kitu, nami sikumwomba.

Jumamosi, 8 Machi

Hasira tupu. Si kwake. Kwa wale waliojua waende kugonga mlango gani baada ya wangu. Bei yangu haishuki. Akichukua kazi, bado ni mdogo wangu, na bado haishuki.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja asubuhi na mtoto wake. Hakukaa hata. Meneja anampigia muda si mrefu, akasema, sasa niambie — ukishataja bei, unafanya nini?

Unanyamaza, nikamwambia. Hapo ndipo tunapojimaliza. Tunataja, halafu tunaanza kujipunguzia wenyewe kabla hatujaombwa. Tukafanya mazoezi pale pale jikoni, mimi nikiwa meneja. Mara mbili alishusha. Mara ya tatu alinikazia macho tu, mpaka nikaona haya.

Simu ikaita. Kaiweka kwenye spika. Mkataba uko tayari, meneja akasema, ni kusaini tu. Mdogo wangu akataja bei. Yangu, tena akaongeza kidogo juu. Hiyo sikumfundisha!

Meneja akauliza: samahani, naongea na mkubwa au mdogo?

Hakuna aliyemjibu. Nimemshika mtoto, naandika kwa mkono mmoja, herufi zinakimbia. Mdogo wangu amefunga macho, midomo ameibana. Meneja hajakata. Tunamsikia akipumua.