Demo Imefichwa, Shangazi Kasikia Vingine

Haidari usicheke. Mwenzio Onesphore leo kaaibika mbele ya mtaa mzima wa Kawajense.

Si unajua ile demo ya gemu letu, ya kuonja bure kabla gemu halijatoka? Kampuni imetangaza ni ya kila mtu, halafu tarehe haisemi, na waliokwisha kuicheza wamekatazwa kusimulia. Ya kila mtu, lakini siri!

Basi mwenzio kakaa uani anafoka voisi kwenye grupu: "Demo ipo, wameificha! Wenzangu wameshaichezea, mimi naambiwa nisubiri!"

Pembeni shangazi Épiphanie anapepeta mchele wa Usevya. Kasikia demu.

DEMU, Haidari!!

Kasimama na ungo wake: "We Onesphore! Mtoto wa watu unamsema 'wameificha' kama sukari? Kwao wapi?"

Na mwenzio, akiwaza kampuni ya gemu, kwa akili zake zote kajibu: "Japani."

JAPANI. Majirani wakaacha kufua. Shangazi kakaa chini kabisa, anauliza huko Japani ukweni tutafikaje.

Ikabidi mwenzio aonyeshe simu, aeleze, arudie, ajiapize, mpaka shangazi akaelewa kuwa ni mchezo tu. Mwenzio akadhani kapona.

Shangazi kamtazama kwa huruma. "Waliahidi?"

"Waliahidi."

"Lini hawasemi?"

"Hawasemi."

"Ukiwaandikia wanajibu?"

"Hawajibu, shangazi."

"Mwanangu, awe mtu, uwe mchezo, umeachwa."

Umeachwa, Haidari! Na majirani wanaitikia "pole"!

Hebu angalia kwenye simu yako. Demo imetoka?